Kitambaa Cheusi na Kompyuta Kuukuu ya Kasulo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Biharamulo, nilifunikwa mikono. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili na cheti changu ndani ya bahasha, sketi imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, najiona mpiga chapa kamili. Msimamizi wa chumba cha wapiga chapa alikuwa mama wa Kihaya, mpole wa sauti na mkali wa macho. Sote tulimwita Mama Msimamizi. Alikitazama cheti changu, akanirudishia, kisha akatoa kwenye droo kitambaa cheusi kizito, alichokikata kwenye sketi yake ya zamani, akakitandaza juu ya mashine ya chapa na juu ya mikono yangu.

"Sasa andika," akaniambia.

"Mama, sizioni herufi."

"Nani kakuambia uzione? Jicho ni la karatasi. Vidole viachie vyenyewe, vina akili zao."

Niliandika upuuzi mtupu, nikaenda kulia chooni, nikarudi nikafunikwa tena. Ninyi mnaoandika kwa vidole gumba mtaniona nadeka, lakini enzi zetu kosa halikuwa la mchezo. Barua za kusambazwa tuliziandika kwenye stensili, yaani karatasi ya nta inayotobolewa na herufi ili wino upite. Ukikosea unapaka dawa ya kufutia, unapuliza ikauke, na mkubwa amesimama mlangoni anatazama saa. Mpiga chapa anayeangalia vidole hupoteza mstari, na akipoteza mstari huruka sentensi nzima ya Mkurugenzi. Ndiyo maana tulifunikwa. Chakula chote nilichokula na kulisha wanangu kilitoka chini ya kitambaa kile, na sioni aibu kusema kwamba nilimpenda yule mama.

Kompyuta zilipoingia, watu walisema sisi tumekwisha. Chumba chetu kikafungwa, kila afisa akaanza kujiandikia barua zake, na ungeziona barua zenyewe ungecheka hadi ushike mbavu. Mama Msimamizi alikuwa anastaafu. Siku ya kumuaga alinivuta kando, akanipa kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri. "Mashine zitabadilika," alisema. "Vidole ni vilevile."

Afisa Utumishi akanihamishia Ngara, kwenye Kitengo cha TEHAMA, wale wanaoshughulika na kompyuta na mtandao. Nilipanda kilima cha Ngara na moyo mzito, maana kompyuta nilijua kuiandikia tu, matumbo yake sikuyajua. Mkuu wa Kitengo alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Kila asubuhi, "Shikamoo mama," namwitikia marahaba, kisha ananifundisha jambo moja, kesho lingine. Hakunicheka hata siku moja, na mimi mwenyewe nilikuwa najicheka. Huko aliko Mungu ambariki.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu alipokuja ofisini kwetu Mkuu wa Shule ya sekondari moja katika kata ya Kasulo, mama mmoja asiyezunguka maneno. Alikuwa na mwalimu wa historia, Mwalimu Sospeter, mtoto wa Wasukuma waliohamia Nemba na ng'ombe wao. Wanafunzi walikuwa wakimgombania. Sasa presha ya macho ilikuwa imemla. Hospitali walimwambia kilichobaki kitatunzwa, kilichopotea hakirudi. Vitabu hakuweza kuvisoma tena, na herufi za simu kwake zilikuwa sisimizi. Njia iliyobaki ilikuwa masomo ya mtandaoni yakuzwe kwenye kioo cha kompyuta, na kompyuta ya shule ilikuwa inazimia kila ikiguswa.

"Mpya sina uwezo wa kununua," alisema. "Muhula ukifunguliwa hajaweza kuandaa masomo yake mwenyewe, itabidi nimtoe darasani. Nimeshaambiwa nimweke stoo awe anagawa majembe. Mama, yule ukimweka stoo utakuwa umemzika."

Nikachukua bodaboda hadi Kasulo. Nilimkuta Mwalimu Sospeter kwenye ofisi ya taaluma, pua imekaribia kugusa kioo, na feni ya kompyuta inaunguruma kama mashine ya kusaga. Akasimama kuniamkia. "Usihangaike, mayu," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mama. "Hii imezeeka kama macho yangu."

"Wazee tunafanya kazi," nikamjibu. "Sogea."

Hapa niwaeleze, maana wengi mnatupa kompyuta nzima kwa kosa la programu moja. Kivinjari ndicho kinachotufungulia kurasa za mtandao. Kompyuta nayo ina kabati na ina meza. Kabati ni diski, inakotunza vitu. Meza ni ile kumbukumbu ya muda, RAM, inakotandaza kazi ya sasa hivi. Ya Kasulo kabati lilitosha, meza ndiyo ilikuwa finyu. Na kivinjari kilichowekwa humo kilikuwa kile maarufu ambacho kila mtu anacho, kizuri, lakini kinataka meza ya Mkurugenzi. Juu ya hayo, walimu walikuwa hawafungi ukurasa hata mmoja. Wamezoea ofisini, karatasi haiondoki mezani mpaka mkuu aione, basi na kurasa za mtandao wameziacha wazi tangu muhula uliopita, zinasubiri sijui mkuu gani.

Nilifunga kurasa zote. Nikaondoa viongezi, vile vijiprogramu vinavyojibandika kwenye kivinjari vikiahidi miujiza. Bado ilikuwa nzito. Nikatafuta kivinjari chepesi kuliko vyote, nikakipata, kikafunguka kabla sijakaa sawa. Mwalimu akapiga makofi. Furaha yetu haikufika mbali: kilikuwa kimeachwa na waliokitengeneza, hakipati tena masasisho, yaani marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi hupitia. Tovuti ya masomo ikakikataa katakata. Nikampigia Mkuu wa Kitengo.

"Mama, usitafute chepesi tu," akasema. "Tafuta chepesi ambacho bado kina wenyewe. Na uangalie kama kina hali ya usomaji. Huyo mwalimu itamfaa."

Vilipatikana vitatu vya namna hiyo, na kila kimoja kilijisifu kwamba ndicho chenye kasi. Nikakwama. Mwalimu Sospeter ndiye aliyenikwamua.

"Kwetu Nemba maksai hatumchagui kwa kumtazama pembe," alisema. "Unamfunga jembe, unamwingiza shambani kwako, shamba lako mwenyewe, si la jirani. Halafu unamwangalia anavyohema jua likiwa kali."

Basi tukavifunga jembe. Kila kimoja tulikifungulia kazi ileile ya Mwalimu: somo lake refu, ramani yake, video yake, huku daftari la kuandikia limefunguka pembeni. Kati ya kimoja na kingine tuliizima kompyuta na kuiwasha upya, kila kimoja kianze na meza tupu. Cha kwanza kilihema hadi kikaganda kwenye video. Cha pili kilikuwa na mbio, ila kwa mfumo wa kompyuta ya zamani kama ile walishaacha kukitunza. Cha tatu hakikuwa na mbio za kusifiwa, lakini kilivuta hadi mwisho. Jina lake sitalitaja, kwa sababu vivinjari hubadilika, na chako kitategemea shamba lako.

Ndipo nikabonyeza ile hali ya usomaji. Hufagia picha na matangazo, yanabaki maneno matupu, nawe unayakuza utakavyo. Nikayakuza hadi kila herufi ikawa kama kiberiti. Mwalimu akasoma kwa sauti, taratibu, sentensi nzima, halafu ya pili. Akavua miwani yake nzito.

"Nimeisoma mwenyewe," akasema.

Tungeishia hapo ningewadanganya. Kusoma alisoma, kuandika kulimshinda. Kila herufi aliitafuta kwa kuinamia kibodi hadi paji linagusa vitufe, na akiinua uso, hajui tena alikuwa mstari gani. Mlango wa stoo ulikuwa bado wazi. Nilirudi Ngara nikifikiri njia nzima, na safari iliyofuata nilikwenda na kitambaa. Nikakitandaza juu ya mikono yake.

Alikasirika. Akakitupa pembeni. "Unanifunika macho ambayo yanajifunika yenyewe?"

"Mwalimu, mimi nilifunikwa nikiwa naona kuliko tai, nikaenda kulia chooni. Kama unataka kulia, choo si kiko pale nyuma?"

Akanitazama, yaani akaelekeza uso upande wangu. Kisha akacheka, akacheka sana, akakipapasa kitambaa akakirudisha mwenyewe. Nikamwekea vidole mahali pake, nikamwambia maneno ya Mama Msimamizi kama yalivyo. Likizo yote ile nilikuwa nashuka Kasulo kila nilipopata nafasi. Mwanzoni aliandika upuuzi kama wangu. Baadaye maneno. Baadaye aya.

Muhula ulipofunguliwa, Mkuu wa Shule alinipigia. "Amekuja ofisini kwangu na masomo ya mwezi mzima, kayaandika mwenyewe," alisema. "Anadai ratiba yake. Nimempa. Wa stoo nimetafuta mwingine."

Niliagwa Ngara kwa soda na maneno mazuri kuliko niliyostahili. Mwalimu Sospeter alipanda bodaboda kutoka Kasulo kuja kukaa mstari wa mbele. Nikamwambia sasa anirudishie kitambaa changu, nikakae nacho uzeeni kama ukumbusho.

"Mayu, hicho hukipati," akasema. "Siku nikiacha kufundisha, nitakuletea mpaka mlangoni."

Nimemshukuru Mama Msimamizi, nimemshukuru yule kijana wa TEHAMA, nimemshukuru maksai wa Nemba. Siku hizi nina mtoto wa jicho, na bila kitambaa vidole vimekuwa vivivu, naviangalia kama mwanafunzi. Kompyuta yangu nayo ni kuukuu, lakini nimeichagulia vizuri. Jumapili nikitoka kanisani naiwasha, nakuza herufi, nasoma barua ya Mwalimu: mvua, mahindi, kidato cha nne wamemuuliza swali gumu. Kosa la chapa halimo, nami zangu zimejaa makosa, naye hunicheka. Mwishoni huandika lilelile: kitambaa bado kiko kazini. Nikifika hapo nafuta miwani, nafunga ukurasa.