Kizingiti cha Koko

Nilipokuwa mtoto, kwetu Keshero, kando ya ziwa, mwanamke mwenye mimba hakukaa mlangoni. Kupita, apite, kukaa, hapana. Bibi yetu, mama mzaa baba, tuliyemwita Koko, aliamini kwamba mama akikaa pale, mtoto naye atakaa njiani, asitoke. Tena mimba, alisema, haitaki usingizi wa mchana. Inataka jembe, kuni na maji ya ziwa.

Simcheki. Alizaa wengi huku akilima, na mama aliponibeba mimi alitembea mpaka siku ya mwisho, nikatoka salama. Kutembea kulimfaa. Lakini mimba iliyonifuata, miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wangalipo, ilikuwa nyingine kabisa.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka ziwani, mtungi mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso. Njia yetu ilikuwa mawe meusi ya volkano, yanayoyumba ukiyakanyaga. Alitua mtungi akakaa palepale kizingitini, uso umempauka.

"Mama Masika! Simama apo!" Koko alipiga kelele toka jikoni. "Unataka kufungia mutoto njia?"

"Mama, nachoka. Na niko naona damu."

"Ni mutoto anatafuta njia. Tembea, atashuka. Ukilala utamuua."

Miezi ilikuwa bado. Baba alikuwa Rutshuru kununua maharage, na mkwe gani angebishana na mama mkwe wake? Mama alimimina maji kwenye chungu, akajifunga kamba tena, akarudi ziwani. Nilimfuata nyuma.

Kwenye mteremko alishika jiwe kubwa akainama. "Masika," alisema polepole, "kimbia, ita Koko."

Koko alikuja na wanawake jirani, wakambeba ndani ya blanketi. Mtoto alitoka kabla jua halijazama, wa kiume, kimya. Koko alimfunga kwenye kikwembe chake kipya, kile cha misa.

"Nilikuambia usiikale mu mulango," alimwambia mama. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Leo nadhani alihitaji sana maneno yale yawe kweli.

Sisi tuliyasadiki. Kwetu, onyo la Koko lilikuwa limetimia, basi. Mimi nilikichukia kizingiti kile, nikawa nakiruka. Ila tangu siku ile aliyekwenda ziwani alikuwa Koko mwenyewe, mzee yule na mtungi wake, mpaka mgongo ulipomkatalia. Kuomba radhi, sikumsikia. Na mama hakukaa tena mlangoni, hata alipokuwa hana mimba.

Nilipobeba mimba yangu ya kwanza nilikuwa natembea kila asubuhi, taratibu, bila mzigo. Siku moja, natoka tu, kizunguzungu kikanishika nikakaa nilipofikia: mlangoni. Mama alikuwa uani akichambua maharage. Aliniona. Akainuka, ungo ukamponyoka, nikajua atapiga kelele.

Akaja akakaa kando yangu, tukaujaza mlango wote.

"Pumuzika, mama," aliniambia, mkono wake tumboni mwangu. "Ule mutoto wangu alikuwa anaomba tu nipumuzike."

Yesu wangu! Miaka yote ile alikuwa anajua, na hakupata mtu wa kumwambia.