Tamasha Tulilolisogeza kwa Ajili ya Mechi

Juzi, mlangoni mwa kanisa letu hapa Kolwezi, niliona tangazo la vijana: tamasha la kwaya limesogezwa, kuna mechi. Utotoni sisi pia tulilisogeza letu, ili kila mtu afike.

Lakini alasiri ya siku hiyo mpya nusu ya mabenchi yalikuwa matupu, na rafiki yangu Mbuyi hakuwepo. Kelele za umati zilitoka upande wa stesheni, pamoja na harufu ya moshi wa makaa.

“Mama, Mbuyi na benzake beko ku mechi ingine,” nilimshtakia mwalimu wa kwaya.

“Imba tu, mutoto wangu,” alisema, macho yamemjaa machozi.

Sikujua kwamba familia za Wakasai, watu wenye asili ya mkoa mwingine, ya Mbuyi ikiwemo, zilikuwa zimefukuzwa mjini kwa sababu ya asili yao, zimeketi stesheni juu ya mizigo zikisubiri treni. Niliimba kwa nguvu zangu zote, ili Mbuyi asikie anachokikosa.