Vipande Vyeupe Nilivyoficha

Mdogo wangu alianguka mara ya kwanza akichota maji, tulipokaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli pale Kindu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Macho yalimgeuka, mwili ukapigapiga chini, povu likamtoka. Nilitaka kumshika, jirani akanivuta gauni: "Aka! Usimuguse! Ile povu inaambukiza!" Ndivyo kifafa kilivyokuwa kwetu: mgonjwa anaachwa agaragare mpaka amalize, na tangu siku hiyo anakula kwenye sahani yake mwenyewe.

Mama alitii, akamtengea sahani ya bati. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na hasira za karibu, niliitupa nje. Huyu ni damu yangu, nikasema, atakula na mimi. Kila siku nilipika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikamega tonge kwa mkono wangu na kumlisha. Majirani walisema, "Njo ile nguruwe yenu inamutesa," maana Papa alifuga nguruwe nyuma ya nyumba, kama alivyozoea kwao Kasai, na nyama tulikula. Niliwatukana matusi ambayo leo nayaonea haya.

Alipoanza kusahau kusoma, yeye aliyekuwa wa kwanza darasani, Papa alitupeleka sote hospitali. Daktari, ambaye enzi zile za Zaire ilibidi tumwite sitwayeni dokta, yaani mwananchi daktari, alimpapasa mikono akakuta vinundu chini ya ngozi. Akatueleza polepole. Nyama ya nguruwe isiyoiva inampa mtu mnyoo tumboni. Mtu huyo anatoa mayai ya mnyoo chooni, na asiponawa vizuri yanabaki vidoleni mwake. Mwingine akiyala, yanapanda mpaka ubongoni na kufanya vifuko. Dawa ya vifuko hakuwa nayo. Alikuwa na vidonge vya kupunguza kuanguka tu, navyo vililetwa na treni, treni ikipenda.

"Lakini mayai mapya tunaweza kuyazuia, maana mnyoo wa tumboni dawa yake ipo," akasema. "Nani kwenu anaona vipande vyeupe chooni, bapa kama utepe?"

Nilikuwa naviona tangu mvua za mwaka uliopita. Papa alikuwa ananitazama, na wiki ile watu wa Kibombo walikuwa waje kunichumbia. Msichana mwenye mnyoo, ee Mungu wangu!

"Hakuna, dokta," nikajibu. Hakuuliza tena.

Niliendelea kupika. Nilinawa, ndiyo, nilinawa mpaka mikono ikachubuka, kisha nikachoka, nikajiambia yule daktari anabahatisha tu. Mdogo wangu akazidiwa. Akasahau jina langu. Vidonge vikaisha, treni haikuja. Asubuhi moja alianguka, akaanguka tena kabla fahamu hazijamrudia, na mara ya tatu hakuamka.

Msibani Mama aliwaambia watu kwamba duniani ni mimi tu ambaye sikumwogopa mtoto wake. Wakanibariki. Nilitamani ardhi inimeze, na hata hapo sikufungua mdomo.

Matanga yalipokwisha nilikwenda peke yangu kwenye duka la dawa karibu na soko, nikasema nina mnyoo. Muuzaji hakucheka, wala hakuuliza neno. Alinipa vidonge vinne, nikavitafuna palepale. Siku ileile, saa tisa mchana, mnyoo ulikuwa umetoka.