Dereva Aliyelala Kwenye Machela

Nilirudi Lubumbashi na diploma ya kuhudumia majeruhi mahututi ndani ya ambulensi, niliyoipata kwa jasho langu. Siku ya kwanza ya mafunzo niliyowapa wauguzi wa ambulensi yetu, nilitaka dereva naye aingie darasani. Wauguzi walicheka. Nikamfunga dereva kwenye machela, nikaendesha kwa kasi hadi Kipushi bila kukwepa shimo hata moja.

"Shefu, utaniuwa!" alilia.

Mwezi uliofuata tulibeba mchimbaji aliyevunjika nyonga, damu ikivuja ndani. Kaka yake alimfokea dereva: "Kimbiza! Muntu iko nakufa!"

"Yaya," dereva alimjibu kwa heshima, kama anayemwita kaka mkubwa, "nikikimbiza, mashimo itamumaliza. Nililala pale nyuma, najua."

Alienda taratibu. Mchimbaji alifika hospitalini akiwa hai, akiulizia viatu vyake. Katanga nzima, nani mwingine angefikiria kumfundisha dereva?