Mfuniko wa Kinanda cha Gogo

Mwaka jana nilikuwa nagawa chai kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, kazi ya kibarua tu, unaitwa leo, wiki ijayo huitwi. Ulikuwa mkutano wa watu wa jazi. Mbele waliweka kinanda cha kukanyaga, kile cha makanisani cha zamani, wamekizungushia kamba watu wasikiguse. Kijana mwenye miwani akawa anaeleza jazi ya Joburg imetoka wapi. Imetoka kwenye nyua za maskini, anasema, kwa akina mama waliokuwa wakipika pombe na kuificha ardhini. Watu wanaitikia kwa vichwa kama wako kwenye ibada. Na safu ya mbele kabisa, na kofia yake ya manyoya, alikuwa amekaa shangazi yangu.

Rafiki yangu, uso uliniwaka. Wala si kwa ajili ya sinia la chai, maana kazi ni kazi. Niliona aibu ya ukoo. Mimi shule sikufika mbali, nitakueleza ninavyokumbuka, na wenye makosa nitawataja.

Tulihamia Johannesburg mwaka uliofuata uchaguzi ule mkubwa, wa kwanza weusi kupiga kura, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mtu wa huku, alikimbilia Tanzania kwa mambo ya siasa, akakaa Morogoro, akamwoa Mama, mwanamke wa Tanga. Tulifikia Troyeville kwa shangazi, dada yake Baba, nesi aliyenunua nyumba kwa Wareno waliokuwa wakihama. Gogo, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, mama yao, naye alikuwa ameletwa hapo kutoka lokesheni, mtaa waliotengewa weusi, na alikataa kupanda gari mpaka kinanda chake kipande kwanza. Shangazi alikiweka kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na karo la kufulia, akakifunika shuka. Alisema shuka ni la kuzuia vumbi.

Asubuhi shangazi akishakwenda hospitali, shuka lilitoka. Hebu fikiria nyumba yenye baridi ya Julai, nje nyasi zimekauka rangi ya mkate, ndani harufu ya mafuta ya taa na ya maandazi. Mama alitia iliki kwenye maandazi yake, Gogo akayanusa kila siku kama anayapima, kisha akala manne. Wale wawili hawakuwa na lugha moja. Mama hakujua Kizulu zaidi ya salamu, na Gogo Kiswahili alikijua neno moja, "haya", alilolipenda sana. Walizungumza kwa kinanda.

Babu yangu wa Tanga alipiga tarumbeta katika beni, ngoma ile ya gwaride waliyoiga kwa bendi za askari wa kizungu, wakaifanya yao. Mama alikuwa akifua huku akiimba kwa mdomo sauti za tarumbeta, pa-pa-paa, na Gogo akaufuata wimbo kwa vidole mpaka akaupata. Kisha akaanza kuuzungusha. Nyimbo zake zote zilizunguka hivyo. Sauti tatu tu mkono wa kushoto, zinakwenda zinarudi, zinakwenda zinarudi, na mimi natikisa kopo la maziwa lenye kokoto ndani. Mama alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. "Kwetu kila bendi inajiita jazi," alisema. "Kumbe mwenye jazi yuko huku anafuliwa shuka."

Baba ndiye alikuwa mkalimani, na siku zile, sitamnyima, alitafsiri kwa furaha. Alitueleza kwamba Gogo alizaliwa kwenye nyua za Doornfontein, hapahapa mjini. Mama yake alipika pombe, polisi walichoma ardhi kwa vyuma kutafuta madebe, na kinanda kilikuwepo ili wateja wasiondoke. Ndiyo maana wimbo haukuwa na mwisho. Ukiumaliza, watu wanatafuta kofia zao. Gogo alichanganya kila alichokisikia uani, zaburi, ngoma za harusi za Kizulu, bendi za shaba za barabarani, sahani za santuri za Wamarekani weusi. Alikuwa na msemo wake: muziki wetu ni wimbo wa kanisani uliotumwa dukani ukapotelea kwa majirani. Baba mwenyewe alilala utotoni nyuma ya kinanda kile, na ada yake ya shule ilitoka hapo, na ya shangazi pia, mpaka kofia nyeupe ya unesi.

Lakini shangazi alikuwa amekuwa mtu wa kanisa, wa sare na beji, na muziki ule ulimuuma kama jino. Akasema mbele yetu wote, "Watu wakiniuliza mama yako alifanya kazi gani, nisemeje?" Mimi nikiwa shuleni nikaanza kuogopa swali hilohilo. Aibu inaambukiza, rafiki yangu, haihitaji kukohoa.

Basi Baba akaahidiwa kazi serikalini. Shangazi akapanga chakula cha Jumapili cha kubariki nyumba, aje mchungaji, waje wakubwa wa Baba na wake zao. Kinanda kikawa kesi. Mchungaji alikuwa amesikia kwamba Gogo anapiga, akaomba wimbo mmoja. Shangazi akatoa sharti lake jikoni, huku anamenya viazi sukari vyekundu vya saladi: "Apige wimbo wa kanisa, beti nne, amalize, tuseme amina. Akiweza, kinanda kinabaki. Akituletea mambo ya vilabuni, Jumatatu kinatoka kwenye nyumba yangu."

Unaona tatizo lilipokuwa. Gogo alizijua nyimbo zote za kanisa. Hakujua kuzimaliza. Hakuna aliyewahi kumlipa amalize. Wiki nzima walifanya mazoezi, Gogo anapiga, Mama anasimama nyuma yake anahesabu beti, na beti ya nne ikiisha anamgusa bega. Bega likiguswa, mikono inasimama. Mara ya kwanza Gogo aliendelea. Mara ya tatu alisimama, akageuka, akasema, "Haya." Mama akambusu kichwani.

Jumapili ikafika. Kinanda kilisukumwa sebuleni kimepakwa nta, nyumba inanuka utumbo uliochemshwa tangu alfajiri na bia ya tangawizi. Gogo alivaa gauni la buluu. Mama naye alijifunga khanga yake nzuri, akaenda kusimama nyuma ya kiti. Shangazi akamshika kiwiko. "Wifi, hapa kuna wageni. Nenda jikoni kaangalie ule ugali wa papu usiungue." Mama akajaribu kumweleza habari ya bega, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Akamtazama Baba amsaidie. Baba alikuwa anawamiminia wakubwa vinywaji. "Nenda tu, mama," alimwambia kwa Kiswahili, bila kugeuka.

Gogo akaanza. Beti ya kwanza watu waliimba vizuri, ya pili, ya tatu. Beti ya nne ikaisha, mchungaji akasema amina, na bega halikuguswa. Mkono wa kushoto ukazunguka. Ule wimbo ukaenda dukani. Mke wa mkubwa mmoja, mama mnene mwenye mkoba, akaachia "eish" ndogo na viatu vyake vikaanza kusogea. Mzee mmoja akanyanyuka kabisa, akacheka, akasema hajausikia huo tangu alipokuwa kijana. Mama alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, amalize kazi yake. Alifika nyuma ya Gogo, akanyoosha mkono, akauona uso wake unang'aa. Mkono ule haukushuka begani. Alichukua kopo langu la kokoto lililokuwa dirishani, akaanza kulipiga kwa mwiko.

"Na huyu wako wa kuokota," shangazi alimwambia Baba, wote tunasikia, "ndiye mpiga kopo."

Baba akavuka sebule. Nilidhani anakwenda kucheza, Mungu wangu, nilidhani hivyo. Akakifunga kinanda. Mikono ya Gogo ilikuwa bado mle.

Gogo hakulia. Miguu yake iliendelea kukanyaga kidogo, kinanda kikapumua bila sauti. Baba alimwambia, "Mama, utaniua mbele ya watu." Kisha watu wakala. Mkubwa mmoja aliomba aongezewe saladi. Jumatatu shangazi akatimiza neno lake, kinanda kikatolewa uani, mvua za kwanza zikakivimbisha, mkata majani akakipasua kuni. Ulibaki mfuniko, mbao nzuri. Shangazi akautengenezea kibao cha simu, na juu yake ikakaa picha ya Baba na wakubwa wake.

Kidole cha mwisho cha Gogo hakikunyooka tena. Aliketi na blanketi magotini, na Mama alipokuwa akichagua mchele alitikisa ungo kwa mapigo yale, makusudi, na chini ya blanketi ungeiona miguu inakanyaga. Gogo alikufa hivyo. Mama akarudi Tanga, akafia huko. Baba kazi aliipata, ikamtupa, akamaliza siku zake amelewa chumbani Turffontein. Nilipokwenda kwa shangazi kuchukua picha ya Baba kwa ajili ya maziko yake, nilichukua na kibao.

Sasa rudi nami ukumbini. Kijana alipomaliza alimsimamisha shangazi. Akasema huyu ni binti wa mmoja wa wapigaji wa mwanzo. Shangazi akashika kipaza sauti, akasema, "Sisi tumelelewa ndani ya muziki." Mtu akauliza kinanda cha mama yake kiko wapi. Akapangusa jicho. "Makaburu walituvunjia kila kitu," alisema, na hapo ndipo aliponiona na sinia langu. "Muulizeni hata huyu, mtoto wa kaka yangu."

Vichwa vikageuka. "Mfuniko ninao mimi," nikasema. "Ni kibao cha simu."

Shangazi akatazama chai yake. Wengine wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa kifamilia, na kijana akaruka kamba, akakaa kwenye kinanda ili watu waondoke na furaha. Aliupata mzunguko ule sawasawa, na nyayo zangu zikaujua kabla sijauruhusu mguu. Nikamtazama bega. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Akazungusha mara chache, akamaliza mwenyewe, safi kabisa, akainama. Watu wakapiga makofi, wakaanza kutafuta kofia zao.