Mtaro Uliopinda

Kijiji chetu hakikuwa na jina lililoandikwa popote. Ukishuka Kitengela na kuuliza habari za watu wanaoishi kule tambarare, ungeambiwa tu ni watu wa Silanga, kwa sababu silanga ndiyo iliyotangulia, nyumba zikafuata. Ilikuwa shimo pana la kukusanya maji ya mvua, lililochimbwa zamani na trekta ya serikali. Watu walichota upande wa juu, ng'ombe wakanywa upande wa chini.

Tulifika mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama na watoto watatu. Mimi nilikuwa wa kwanza, miaka kumi na mitatu, na mdomo wangu ulikuwa mrefu kuliko mikono yangu. Baba alikuwa amefariki. Kule Ukambani ndugu zake walikuwa wamefunga njia yetu ya kisima kwa miiba, siku baada ya siku, mpaka tukaelewa. Mama hakuwalilia. Aliuza mbuzi, akanunua ekari mbili kwa familia moja ya Kimaasai, kwenye mteremko ulio juu ya silanga, na siku tuliyofika akasema hatafukuzwa tena na mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sisi tulikuja na jembe letu wenyewe.

Mama wa familia hiyo iliyotuuzia tulimwita Koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita nyanya. Boma lake lilikuwa chini yetu, ng'ambo ya silanga. Yeye ndiye aliyetuonyesha pa kuchota. Kila Jumamosi alipanda na kibuyu cha maziwa, na mama akamrudishia maharagwe, au mabua ya kulisha ndama. Walisalimiana kwa Kimaa, Koko akisema takwenya na mama akiitikia iko, na baada ya hapo Kiswahili cha kila mmoja kilijikokota kivyake. Walielewana vizuri sana.

Msimu wa kwanza mvua ilibeba udongo wetu pamoja na mahindi. Mama akasema, haya, sasa tutafanya ya kwetu. Kule Ukambani mteremko haulimwi hivi hivi, unachimbiwa fanya juu: unachimba mfereji kukatiza mlima na udongo unautupa upande wa juu uwe tuta, maji yakishuka yanasimama. Akaita mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, kina mama wa Kikamba waliohamia karibu na sisi, wakaja na majembe na nyimbo zao, nikapika uji mpaka nikachukia sufuria. Jumamosi sita, matuta manne, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine bila hata nafasi ya panya kupita. Mama aliyatembelea jioni akiwa amejishika kiuno. Nilikuwa sijamwona akifurahi hivyo tangu mazishi.

Mvua ilikuja, matuta yakashika kila tone. Mahindi yalisimama ukayaonea fahari. Na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yale maji zamani yalikuwa yakienda wapi. Kule tulikotoka, chini ya shamba kulikuwa na mto usiomhitaji mtu. Hapa, chini ya shamba kulikuwa na silanga.

Koko alipanda siku isiyo Jumamosi. Alisalimia, akaketi kwenye jiwe, akatazama matuta.

"Maji ya silanga imelala kwako," akasema.

Mama alikuwa na hasira za karibu, nami nimezirithi zote. Akajibu kwamba mvua ni ya Mungu, na inayonyesha kwake ni yake, na kama kuna mtu anataka kumtoa aseme wazi. Koko hakubishana. Alisema sawa, akaacha kibuyu cha maziwa pale jiweni, akashuka. Yale maziwa hayakunyweka. Mama aliyaangalia mpaka yakaganda.

Kiangazi kikaingia, silanga ikakauka mapema, sisi tukichota yaliyobaki mferejini. Ng'ombe wa Koko wakawa wanatembezwa mpaka mtoni, kutwa nzima kwenda na kurudi, na tukasikia wawili wameanguka njiani. Jumamosi hiyo hakuna aliyepanda. Mama akashuka mwenyewe. Aliporudi alikuwa na matope makavu kwenye viatu, akatupakulia chakula kwanza.

"Walinifungia kisima," akasema. "Na mimi nimefunga kisima cha mtu."

Asubuhi aliita tena mwethya. Alitaka kukata mdomo kwenye ncha ya kila tuta, maji yakishiba shamba yanayobaki yatoke, halafu kuchimba mtaro wa kuyashusha hadi silanga, hatua mia tatu hivi. Kina mama walikataa. Walisema jasho lao haliwezi kubomolewa na mwenye shamba mwenyewe, na kwamba ukimpa Mmaasai maji leo, kesho ataidai ardhi. Mama aliwashukuru kwa kuja, akachukua sururu. Shuleni walitufundisha kwamba mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Aliyetunga hakuwa amemjua mama yangu.

Tulichimba sisi wawili. Udongo mweusi wa kule ukikauka ni tofali tupu, sururu inagonga na kukurudia begani. Nilinung'unika kila siku na sitasema uongo kwamba nilijitolea. Viganja vilinitoka malengelenge, yakapasuka, nikamwonyesha mama nikitegemea huruma. Akanionyesha vyake, tukaendelea. Mawingu ya mvua za vuli yalikuwa yameanza kukaa upande wa Ngong, na tulikuwa hatujafika hata nusu.

Siku ya nne nikaona mtu kule chini, penye silanga. Alikuwa Koko. Alikuwa amechukua jembe letu fupi, lile nililoliacha nje, na alikuwa anachimba kupanda kuja kwetu.

Lazima uelewe jambo moja. Mmaasai wa umri wake hakukata ardhi. Ardhi ni ya majani, majani ni ya ng'ombe, na anayeichana ni mtu aliyekosa mifugo, mtu wa kuonewa huruma. Alilishika jembe kama fimbo ya kuchungia, mkono mmoja juu kabisa. Mwanawe mkubwa, ndiye aliyetia sahihi ya kutuuzia, alisimama kwenye lango la boma akimfokea kwa Kimaa. Koko alijibu mara moja, hakugeuka. Nilishuka kumsaidia, nikamuuliza alimwambia nini.

"Nimemwambia ng'ombe hainywangi aibu."

Tulikutana katikati siku ya saba. Upande wa mama ulikuwa umenyooka, maana alipima kwa kamba. Upande wa Koko ulipindapinda kama njia ya ng'ombe, na pale walipokutana pana kona mpaka leo. Mvua ilikuja siku tatu baadaye. Tulisimama kwenye kona, sote watatu, tukaangalia maji ya kahawia yakipita kwenda chini, na mama akalia hapo ambapo hakuna aliyemfukuza.

Mama na Koko wote wamelala sasa. Miaka ya elfu mbili ilileta mabati, vyuma, na vigingi vya kugawa ploti, na ekari zetu nimebaki nazo mimi. Mwanawe Koko, yule mkubwa, alipanda kwangu akiwa na habari kwamba amepata mnunuzi wa upande wake, ila mnunuzi anataka mtaro uzibwe kwanza, unamharibia ploti. Silanga, akasema, siku hizi inanywesha ng'ombe wa watu wangapi?

Nilimkaribisha chai. Kisha nikampeleka mpaka kwenye kona.

"Kaka, huu ulionyooka ni wa mama yangu," nikamwambia. "Huo uliopinda ni wa mama yako. Tuanze kuziba wa nani?"

Alishuka bila kuaga, nikajua nimemuudhi, nikasema potelea mbali, mimi sizibi.

Kila mwaka kabla ya vuli mimi huusafisha mtaro, majani na matope. Jumamosi iliyofuata nilikuwa tayari ndani yake nilipomwona anapanda na jembe. Alikuwa amelishika vibaya, mkono mmoja juu kabisa. Nikamwonyesha pa kuanzia.