Walinzi Wawili kwenye Mlango wa Barua

Jambo zima lilinigharimu redio. Niliibadilisha kwa dumu la petroli, maana umeme ulikuwa umekatika na faranga hakuna aliyezitaka tena. Bila petroli jenereta haiwaki, bila jenereta kompyuta haiwaki, na bila kompyuta lori langu la unga lingebaki ng'ambo ya mpaka. Muuzaji alishasema: oda ifike kwa barua pepe kabla ya jua kutua, la sivyo anawauzia wengine. Watu wa Mitwaba waliokimbia mapigano walikuwa wakiingia mjini na magodoro kichwani, na stoo yangu ya mtaa wa Bel-Air ilikuwa imebaki na mifuko miwili. Nikahesabu tena. Miwili.

Nikatuma oda. Ikakwama. Nikaandika nyingine, nikatuma, nayo ikakwama.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Baba ya batoto, ile mashine iko na antivirus ngapi?"

"Mbili."

"Mbili ya nini?"

"Ya kwanza inachunga mashine. Ya pili inachunga ya kwanza."

Msicheke. Tangu uporaji uanze, kila mwenye stoo aliajiri hivyo: sentineli mmoja getini, na wa pili wa kumtazama yule wa kwanza asije akauza geti.

"Sasa balinzi babili banashikana mashati pa mulango," akasema, "na barua yako iko katikati. Fukuza moya!"

"Nifukuze gani?"

"Ile inakula mingi."

Nikaiondoa ile nzito, nikazima mashine, nikaiwasha. Bado. Jenereta ikaanza kukohoa. Sikuinuka. Kwenye mipangilio ya ile iliyobaki nikakuta kila barua inayotoka inasimamishwa ikaguliwe, kama abiria kwenye kizuizi cha askari. Nikazima ukaguzi wa barua tu. Ulinzi wa mafaili nikauacha, mimi si mjinga. Programu ya barua nikaiweka kwenye zile zinazoruhusiwa kupita. Nikabonyeza.

Ikaenda. Niseme zikaenda, kwa kuwa zote mbili zilikuwa zimepanga foleni humo ndani.

Jibu likaja kabla petroli haijaisha: "Nimepokea oda zako mbili. Malori mawili yanapakiwa. Utalipa ukishauza."

Mke wangu alilisoma mara moja, mimi mara mbili. Stoo inameza lori moja tu. Nikamjibu muuzaji papo hapo:

"Mukubwa, lete yote mawili, sirudishi hata mufuko. Ila unipe shauri: kwa muji huu unaoibwa kila siku, wewe ungeficha wapi unga wa lori ya pili?"